Nakala Iliyochukuliwa bila Hodi: Uchambuzi wa Kisa cha Kindle, Julai 2009

Katikati ya Julai 2009, wasomaji wa Marekani waliokuwa wamenunua riwaya mbili za George Orwell, Animal Farm na 1984, katika duka la vitabu vya kidijitali la Amazon, waliwasha vifaa vyao vya kusomea vya Kindle wakakuta vitabu hivyo havimo. Hakuna aliyekuwa amewaomba ruhusa, hakuna aliyebisha hodi, wala hapakuwa na amri ya mahakama. Fedha walizolipa, senti 99 za dola kwa kitabu, zilikuwa zimerudishwa katika akaunti zao. Kwamba moja ya riwaya hizo inasimulia habari za dola inayofuta maandishi ya jana ili yasipingane na matakwa ya leo ni sadfa ambayo magazeti hayakuiacha ipite, nami nikiitaja mara hii moja inatosha.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kichekesho au kama tishio. Mimi nakichambua kwa sababu kinalitoa swali la umiliki wa vitabu vya kidijitali kwenye ubishi wa hisia na kuliweka kwenye matendo. Watu wanapouliza kama kitabu cha kidijitali ni mali kama kilivyo kitabu cha karatasi, mara nyingi hutazama maumbile ya vitu hivyo: kimoja kina uzito, harufu na mgongo unaoonekana kwenye rafu, kingine ni mpangilio wa ishara za umeme ndani ya kifaa. Jibu la namna hiyo halitufikishi mbali. Salio la benki nalo halishikiki, wala salio la M-Pesa, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekubali kuambiwa kwamba si mali yake. Swali lenye manufaa zaidi ni nani mwingine anayeweza kukiondoa kitu hicho mikononi mwako, kwa idhini ya nani, na kwa utaratibu upi.

Yaliyotokea

Kindle iliingia sokoni Novemba 2007 kwa bei ya dola 399. Kilichoitofautisha na vifaa vilivyoitangulia si kioo chake cha wino wa kielektroniki peke yake, bali ni muunganisho wa mtandao wa simu uliokuwa ndani yake, ambao gharama yake ilibebwa na kampuni. Msomaji aliweza kuchagua kitabu akiwa ndani ya basi na kukipokea baada ya dakika moja hivi, bila kompyuta wala waya. Urahisi huo ulisifiwa, na ulistahili sifa, lakini wachache walizingatia kwamba njia ile ilikuwa ya kwenda na kurudi. Kampuni ilipoamua kufuta, amri ilipita mle mle kilimopita kitabu.

Riwaya zile hazikuwekwa dukani na mwenye hakimiliki wa Marekani. Ziliwekwa na mchapishaji mwingine, MobileReference, aliyetumia utaratibu uliomruhusu mchapishaji yeyote kupandisha vitabu vyake mwenyewe na kuvitangaza viuzwe, na ambaye hakuwa na haki ya kuziuza nchini humo. Hapa ndipo penye utata ambao simulizi nyingi huuruka. Orwell alifariki Januari 1950. Katika nchi zilizohesabu ulinzi wa hakimiliki kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, kazi zake zilikuwa huru tangu mwanzo wa 2001: ndivyo ilivyokuwa Kanada na Australia, na ndivyo zilivyokuwa zikihesabu pia sheria za Tanzania na Kenya zilizotumika mwaka huo wa 2009. Marekani ina hesabu nyingine kwa vitabu vya wakati ule, miaka 95 tangu kuchapishwa, kwa hiyo 1984, iliyotoka mwaka 1949, imefungwa huko hadi mwisho wa 2044. Faili lile lile, herufi kwa herufi, lilikuwa halali mjini Windsor upande wa Kanada na haramu mjini Detroit upande wa Marekani, miji inayotenganishwa na mto.

Mwenye hakimiliki alipoiarifu Amazon, kampuni ilichukua hatua tatu. Iliondoa nakala hizo dukani, ikarudisha fedha za wanunuzi, kisha ikazifuta kwenye vifaa vyao. Hatua ya kwanza ilikuwa wajibu wake na ya pili ilikuwa uungwana. Mgogoro wote umo katika hatua ya tatu, na kosa lake linaeleweka vizuri zaidi mtu akijaribu kuona mambo kwa macho ya kampuni. Sioni dalili ya hila. Naona duka ambalo, kwa jinsi mitambo yake ilivyoundwa, halikuona mpaka kati ya ghala lake na kitanda cha mteja wake. Bidhaa iliyoingia kimakosa iliondolewa kila ilipoonekana kwenye mfumo, na kifaa cha mteja kilikuwa sehemu nyingine tu ya mfumo huo.

Yaliyoandikwa katika masharti

Mtu anaweza kudhani kwamba masharti ya matumizi, yale ambayo kila mtu hukubali bila kuyasoma, yaliipa kampuni ruhusa ya kufanya ilivyofanya. La kushangaza ni kwamba masharti ya wakati ule yalielekea upande wa msomaji. Yalisema kwamba mteja anapewa haki isiyo ya kipekee ya kuweka nakala ya kudumu ya maudhui ya kidijitali na kuyatazama mara zisizo na kikomo. Neno la kudumu lilikuwamo. Masharti hayo hayo, hata hivyo, yalimkataza mteja kuuza, kukodisha au kumhamishia mtu mwingine haki yoyote juu ya maudhui hayo, na yalimbana kuyasomea kwenye kifaa husika tu. Mteja alipewa kitu cha milele ambacho hakuweza kukitoa mkononi mwake kwa njia yoyote ile, na juu ya yote hayo kitufe alichobonyeza kilisema nunua.

Kiswahili kina akiba nzuri ya vitenzi katika jambo hili, na inafaa kuvipanga. Mtu hununua, akawa mwenyewe. Huazima, akawa na wajibu wa kurudisha kitu kile kile, tofauti na kukopa, ambako hurudisha kinacholingana nacho. Hukodi kwa muda na kwa malipo. Huwekewa amana, akakilinda kitu cha mwenziwe. Nikikipima kitabu cha Kindle cha mwaka 2009 kwa vitenzi hivi, hakikai sawasawa popote. Si ununuzi kamili, kwa kuwa mnunuzi hawezi kukiuza tena. Si kuazima, kwa kuwa hakuna ahadi ya kurudisha. Hakikukodishwa, kwa kuwa hakuna muda uliowekwa. Kinachokikaribia zaidi ni amana iliyopinduliwa: mtu amelipia kitu, kisha kitu hicho kikabaki chini ya mlinzi aliyemuuzia, na mlinzi huyo ameshika funguo zote.

Mwanafunzi na pambizo

Miongoni mwa waliopoteza nakala zao alikuwamo mwanafunzi wa sekondari wa jimbo la Michigan, aliyekuwa akiisoma 1984 kama kazi ya likizo kwa ajili ya darasa lake. Kama wanafunzi wengi wafanyavyo, alikuwa akiandika maoni yake kadiri alivyosonga mbele, akipigia mistari sehemu fulani na kujiwekea vikumbusho vya kurudia aya hii au ile. Riwaya ilipofutwa, maandishi yake hayakufutika yote. Yalibaki katika faili la pembeni, lakini yakiwa hayana cha kushikamana nacho. Kikumbusho kinachosema kwamba aya hii ni muhimu kwa insha hakina maana pale ambapo aya yenyewe haipo.

Nakaa kidogo hapa kwa sababu naona ndipo penye kiini cha kisa. Kuhusu riwaya, mtu anaweza kubishana mpaka kesho kama ilikuwa mali ya mwanafunzi au la. Kuhusu maandishi ya pambizoni hakuna ubishi: yalikuwa kazi ya akili yake, yeye ndiye mtunzi wake, na sheria ya hakimiliki ya Marekani ingemtambua hivyo. Senti 99 zilirudisha thamani ya matini ya Orwell na hazikugusa hata chembe ya thamani ya kazi ya mwanafunzi. Kwenye kitabu cha karatasi hali hiyo isingetokea, kwa kuwa wino wa kalamu na wino wa kiwanda hukaa juu ya ukurasa mmoja na anayeuchukua mmoja lazima auchukue na mwingine, mbele ya macho ya mwenyewe. Mfumo wa Kindle ulitenganisha vitu hivyo viwili kimtambo, na katika utenganisho huo kilichokuwa mali ya wazi ya msomaji kiligeuzwa kiambatisho cha kitu ambacho kampuni ilijiona huru kukiondoa.

Mwanafunzi huyo na msomaji mwingine wa California walifungua shauri katika mahakama ya shirikisho mjini Seattle, mwishoni mwa Julai 2009.

Je, karatasi ingewaokoa?

Wapo wanaosema kwamba kama wanunuzi wale wangekuwa na nakala za karatasi wasingepatwa na lolote, na kwa hiyo hoja imekwisha. Mambo si mepesi hivyo, na haki inataka tuiangalie hoja ya upande wa pili kwa ukamilifu wake. Nakala zile zilikuwa za haramu nchini Marekani. Lau mchapishaji asiye na haki angezipiga chapa kwenye karatasi na kuziuza Detroit, zingekuwa za haramu vile vile, na mnunuzi asiyejua chochote asingepata haki ya kuziuza tena, kwa kuwa haki hiyo hutolewa kwa nakala iliyotengenezwa kihalali tu. Mahakama ingeweza hata kuamuru zikamatwe. Karatasi haisafishi nakala chafu.

Tofauti ilikuwa kwenye utaratibu. Ili kuipata nakala ya karatasi iliyo sebuleni kwa mtu, mwenye hakimiliki angelazimika kumtambua mtu huyo, kumshitaki au kuishawishi mahakama, kupata amri, na kumpa mtu huyo nafasi ya kusikilizwa. Kwa kitabu cha senti 99, hakuna mwenye hakimiliki ambaye angejisumbua. Gharama hiyo na usumbufu huo ndio ukuta unaomlinda mwenye kitabu cha karatasi, ukuta ambao haukujengwa na mtu kwa makusudi bali ulitokana na ukweli kwamba vitu vimetawanyika katika nyumba za watu. Kwenye Kindle ukuta huo haukuwapo, kwa kuwa amri moja ya kompyuta ilizifikia nyumba zote kwa pamoja. Kwa hiyo swali la haki, ambalo kwa kawaida huja kabla ya kitendo, lilikuja baada yake, na waliopaswa kulijibu ni walionyang'anywa.

Wasomaji wa Kiswahili wanaijua Animal Farm kwa jina la Shamba la Wanyama, katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa na East African Publishing House mjini Nairobi mwaka 1967. Nakala ya chapa hiyo iliyofika katika rafu ya shule au nyumba ya mtu haimtegemei mchapishaji ili iendelee kusomeka, wala haitegemei kama mkataba kati ya mchapishaji, mfasiri na mwenye hakimiliki bado uko hai. Mchwa anaweza kuila. Mvua inaweza kuilowesha, na rafiki anaweza kuiazima asiirudishe, jambo ambalo kwa uzoefu wangu ni adui mkubwa kuliko mchwa. Hatari zote hizo ni za kweli, na anayesema kitabu cha karatasi ni salama kabisa hajawahi kuishi Pwani wakati wa masika. Lakini hakuna hata moja kati yake inayotoka kwa muuzaji.

Wala si kila kitu kinachoshikika kina uhuru huo. Sahani za DVD zilifungwa kwa maeneo, na Kenya na Tanzania ziliwekwa katika eneo la 5, kwa hiyo mtu aliyenunua sahani halali Marekani, eneo la 1, aliweza kufika nayo Mombasa na kuona mashine yake ikiikataa. Kuwa na kitu mkononi ni sehemu ya umiliki, lakini mwenye kufuli anaweza kukuachia kitu na kukunyima matumizi yake.

Msamaha na suluhu

Majibu ya kwanza ya Amazon yalikuwa ya ofisini: nakala zilikuwa za haramu, zimeondolewa, fedha zimerudishwa, na mfumo utabadilishwa ili siku za mbele vitabu visiondolewe kwenye vifaa vya wateja katika mazingira kama hayo. Tarehe 23 Julai, Jeff Bezos mwenyewe aliomba radhi hadharani kwa lugha nzito isiyo ya kawaida kwa mkuu wa kampuni, akikiri kwamba namna walivyolishughulikia tatizo ilikuwa ya kijinga, isiyo na fikra na iliyokwenda kinyume kabisa na misingi yao. Naamini msamaha huo ulikuwa wa dhati. Hata hivyo, ulihusu namna ya kutenda. Haukusema kwamba kampuni haina uwezo huo, wala kwamba uwezo huo utaondolewa kwenye mitambo.

Shauri liliisha kwa suluhu mwishoni mwa Septemba 2009. Amazon ilikubali kulipa dola 150,000 kwa mawakili wa wadai, ambao nao waliahidi kupeleka sehemu ya malipo hayo kwenye kazi za hisani, na ikajifunga kutofuta kwa mbali vitabu vilivyonunuliwa kwa matumizi ya ndani ya Marekani isipokuwa kwa sababu zilizotajwa: mteja mwenyewe awe ameridhia, au awe ameomba fedha zake au malipo yake yawe yamekwama, au kuwe na amri ya mahakama au ya chombo cha usimamizi, au iwe lazima kufanya hivyo ili kumlinda mteja, kifaa au mtandao dhidi ya programu hatari. Suluhu si hukumu. Hakuna jaji aliyetamka kama kitabu kile kilikuwa mali ya mwanafunzi au la, na mpaka wa ahadi uliishia kwenye mpaka wa nchi. Msomaji wa Dar es Salaam au wa Muscat hakutajwa humo.

Haki ya kukitoa

Nchini Marekani, msingi wa umiliki wa kitabu uliwekwa na Mahakama ya Juu mwaka 1908, katika shauri la mchapishaji Bobbs-Merrill dhidi ya wamiliki wa duka la Macy's. Mchapishaji alikuwa amepiga chapa ndani ya riwaya onyo kwamba isiuzwe rejareja chini ya dola moja, na kwamba kufanya hivyo kutahesabiwa kuwa uvunjaji wa hakimiliki. Duka likaiuza kwa senti 89. Mahakama iliona kwamba mchapishaji akishauza nakala mara moja, hakimiliki haimpi tena mamlaka ya kuiandama nakala hiyo kila iendako. Onyo lile lilikuwa leseni iliyobandikwa kwenye kitu, na mahakama ilikataa kuitukuza. Wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara za Nairobi na Dar es Salaam, na wazazi wanaouziana vitabu vya kiada shule zinapofunguliwa Januari, wanaishi kwa kanuni ya namna hiyo bila kuhitaji kuijua.

Vitabu na nyimbo za kidijitali havikupewa kivuli hicho. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ya shirikisho mjini New York iliamua dhidi ya kampuni ya ReDigi, iliyokuwa ikiwasaidia watu kuuziana nyimbo walizokwisha nunua, kwa hoja kwamba kulihamisha faili ni kutengeneza nakala mpya hata kama ya zamani inafutwa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilifikia mwisho unaofanana katika shauri la Tom Kabinet, soko la Uholanzi la vitabu vya kidijitali vilivyotumika, ikibainisha kwamba nakala ya kidijitali haichakai na kwa hiyo ya mitumba inashindana sawa kwa sawa na mpya. Hoja hii ya mwisho naiona ya kweli na ya ajabu kwa pamoja. Ina maana kwamba uchakavu, kasoro ambayo teknolojia ilijivunia kuiondoa, ndio uliokuwa ukiwafanya wenye hakimiliki waivumilie haki ya msomaji ya kuuza.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kipimo kingine cha zamani. Mtu hawezi kukiweka wakfu kitu asichokimiliki. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ina kurasa zilizoandikwa maneno ya wakfu, yanayoonyesha kwamba mtu fulani alikitoa kitabu chake kwa ajili ya wanafunzi na kwamba kuanzia hapo hakiuzwi wala hakirithiwi. Kukitoa kitu moja kwa moja ni tendo la juu kabisa la mwenye kumiliki, na ndilo tendo ambalo masharti ya kitabu cha kidijitali hulizuia kwanza. Anayekufa akiwa na vitabu 800 kwenye akaunti ya aina hiyo hawaachii warithi wake maktaba. Anawaachia neno la siri, nalo kwa mujibu wa masharti hawana haki ya kulitumia.

Mali ya aina gani

Baada ya hayo yote sisemi kwamba msomaji wa Kindle hakuwa na kitu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, iliyorithi maneno yake kutoka sheria ya Uingereza ya 1893, inaeleza bidhaa kuwa mali zinazohamishika, lakini inaziacha nje fedha na haki za madai. Haki ya madai ni ile ambayo mtu hawezi kuishika mkononi bali anaweza kumdai mwingine: deni, salio la benki, malipo ya bima. Katiba ya Kenya ya 2010, kwa upande wake, inapofafanua mali katika ibara ya 260, inazitaja haki za madai waziwazi pamoja na ardhi, bidhaa na hakimiliki. Mtu anaweza kuwa na mali ya kweli ambayo si bidhaa, na kwa maoni yangu hapo ndipo mahali halisi pa kitabu cha kidijitali cha aina hii. Anayekinunua ni mdai wa kitabu zaidi ya kuwa mwenye kitabu. Anaidai kampuni imfungulie kazi fulani kila anapotaka kuisoma, na kampuni inadaiwa hivyo.

Tukikiangalia kisa cha 2009 kwa namna hii, kinachoonekana ni mdaiwa aliyejiamulia mwenyewe kwamba deni limekwisha, akajiwekea pia bei ya kulilipia, senti 99, kisha akamjulisha mdai baada ya kitendo. Benki inayofanya hivyo ina benki kuu juu yake. Duka la vitabu halina msimamizi wa namna hiyo, na mdai hana namna ya kulihamisha deni lake kwa mdaiwa mwingine anayemwamini zaidi.

Faili lisilo na kufuli ni jambo jingine, na linastahili kutengwa. Mtu aliyepakua kitabu kisichofungwa cha EPUB, muundo wa faili unaotumika kwa vitabu vya kidijitali, akakihifadhi kwenye flashi yake hamdai mtu ili akisome. Haki yake ya kukiuza bado ni finyu, lakini hakuna wa kumfutia. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mstari wa mgawanyo haupiti kati ya karatasi na kioo.

Matukio ya baadaye yamekwenda upande huo huo. Microsoft ilifunga duka lake la vitabu Aprili 2019, na kufikia Julai vitabu vyote vilivyonunuliwa humo, halali kabisa na visivyo na dosari ya hakimiliki, vikaacha kufunguka. Fedha zilirudishwa, na waliokuwa wameandika pambizoni waliongezewa dola 25. California ilipitisha sheria, inayotumika tangu Januari 2025, inayokataza kumwambia mteja kwamba ananunua maudhui ya kidijitali bila kumweleza wazi kwamba anapata leseni. Mwezi uliofuata, tarehe 26 Februari, Amazon iliondoa njia iliyowawezesha wateja kupakua vitabu vyao vya Kindle kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Sheria ya California imesahihisha neno lililoandikwa kwenye kitufe, na hiyo ni hatua, ila haijampa msomaji kitu ambacho hakuwa nacho.

Narudi kwa mwanafunzi wa Michigan. Mwanzoni mwa Septemba 2009, kabla suluhu haijakamilika, Amazon iliwaandikia wateja walioguswa na kuwapa chaguo: warejeshewe kitabu bila malipo, pamoja na maandishi yao yote mahali pake, au wapokee dola 30. Barua hiyo ilikusudiwa kutuliza, na huenda ilituliza. Lakini ilionyesha pia kwamba kampuni iliweza kuyarudisha maelezo ya kila msomaji kwenye aya aliyoyaandikia, wakati ambapo aliyeyaandika, kwenye kifaa alichokilipia mwenyewe, alikuwa amebaki na orodha ya vikumbusho visivyojua vinakumbusha nini.